Ruhusa ya Asubuhi Moja

Machi hii imepita Lick Fork bila ule mlio. Kwa miaka ishirini na sita, theluji ya mwisho ilipobaki vipande vipande kwenye kivuli cha mierezi, watu wa kijiji walisikia mtetea wa bata mzinga akilia kutoka ndani ya karakana ya kuchomelea iliyo mkabala na mkahawa. Wote walijua si mtetea. Ni Lowell Skaggs, fundi, akisugua kifuniko cha kisanduku chake cha mbao cha kuitia ndege, akisikiliza, akikipiga msasa kidogo, akisugua tena. Mbwa walichachamaa. Watoto kwenye basi la shule walimwitikia kwa midomo yao. Mwaka huu mlango wa karakana una kufuli, kibao kimeshushwa, na ukutani kilipokuwa pamebaki doa jeupe la mstatili. Wazee wanakunywa kahawa wakitazama ng'ambo ya barabara, na mara moja moja mmoja huinua kichwa kama mtu aliyedhani ameitwa.

Lowell hakufa, wala haumwi. Kilichomtoa pale kilianza na ombi dogo.

Alizaliwa hapo hapo, katika vilima vya Ozark upande wa Missouri, mwana wa Hobart Skaggs aliyekuwa akikata mbao. Hobart alifikisha miaka arobaini bila kusikia jogoo wa bata mzinga akilia porini. Babu zao walikuwa wamewala wote. Kisha serikali ikaleta ndege wachache ndani ya masanduku, ikawaachia vilimani, wakachukua miaka kuongezeka, na asubuhi moja ya Aprili Hobart akasimama uani na kikombe mkononi, akasikia sauti ile ikipasuka bondeni, akamwamsha mwanawe. Lowell alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alimshika bega, akalikaza. Tangu mwaka uliofuata Lowell hakukosa msimu hata mmoja wa kuwawinda. Alioa katikati ya msimu, Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa sababu sheria husimamisha uwindaji saa saba mchana, na Oleta, mkewe, hajaacha kumkumbusha.

Mahali pake palikuwa shamba la mjomba wake. Mjomba alipofariki, wanawe waliliuza kwa daktari wa meno kutoka St. Louis, na kabla majira ya baridi hayajaisha kila mti wa mpakani ulikuwa na mstari wa rangi ya zambarau. Ukiona rangi hiyo mtini, huna haja ya kusoma kibao. Mwenye ardhi ameshakwambia usiingie. Lowell alisimamisha pikapu kando ya barabara akautazama mwaloni aliouegemea tangu ujana, ukiwa na mstari wake kifuani kama mtu aliyevishwa nishani asiyoitaka.

Msimu huo alikwenda msitu wa serikali, ambako kila mtu anaruhusiwa na kila mtu huenda. Alikaa, akaita, na nyuma yake akasikia majani yakisagwa polepole. Alipogeuza macho aliona mdomo wa bunduki ukimtafuta kati ya vichaka. Alipiga ukelele mmoja. Kijana aliyesimama pale alitetemeka kuliko yeye.

"Mapema leo," aliuliza Oleta alipomwona mlangoni. "Umepata?"

"Nilikaribia kupatikana. Leo, mke wangu, bata mzinga nilikuwa mimi."

Oleta aliweka sufuria chini. "Msitu ule hurudi tena. Tafuta ardhi ya mtu, au ukae nyumbani unisaidie kupaka rangi jikoni."

Ardhi ilikuwepo. Kila mtu aliijua. Ukisimamisha gari alfajiri juu ya daraja la kijito na kushusha kioo, ungewasikia kilimani kwa Prewitt, majogoo saba, wanane, wakijibizana kama wanakwaya waliokosana. Lakini mwenye kilima alikuwa Bi Zelma Prewitt, na Bi Zelma hakumruhusu mtu. Miaka kumi na tano nyuma alikuwa amemruhusu mmoja, mgeni mwenye maneno matamu, naye akaacha geti wazi. Fahali akatoka, akafika barabara kuu, akagongwa na lori la maziwa. Tangu siku hiyo, kila Aprili, wiki ya mwisho kabla ya msimu, wanaume wenye magwanda ya mabaka walipiga foleni kwenye baraza yake kuomba, na kila Aprili aliwarudisha walikotoka kwa neno moja.

Lowell alikuwa na miaka sitini na mmoja. Goti la kulia lilikuwa limeanza kumwambia hali ya hewa. Alihesabu majira aliyobakiwa nayo ya kupanda kilima gizani bila kushikwa mkono, akaona hayazidi kumi. Aliyataka yote, na hakuwa na mahali pa kuyaweka.

"Nenda Januari," alisema Oleta. "Nani anayeomba Aprili? Ni sawa na kumkumbuka shangazi siku ya kusoma wosia."

Walifanya mazoezi jikoni. Oleta akawa Bi Zelma, mikono kiunoni.

"Habari za asubuhi, Bi Zelma. Nimekuja kuhusu bata mzinga..."

"Toka."

"Sijamaliza!"

"Umeshamaliza. Uliza ng'ombe kwanza, Lowell. Mwanamke ana ng'ombe arobaini, anaamka nao, analala nao, hakuna anayemuuliza wanaendeleaje. Na vua kofia. Na hizo kucha, Mungu wangu, zioshe, usije ukadhaniwa umetoka kuzika mtu."

Basi alikwenda Januari, shati la kanisani, kofia mkononi, bunduki ameiacha nyumbani ili isionekane hata ncha yake kwenye kioo cha pikapu. Alipanda ngazi za baraza ya mbele, akagonga. Kimya. Akagonga tena. Sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Nani?"

"Lowell Skaggs, Bi Zelma. Mwana wa Hobart."

"Hobart amekufa."

"Ndiyo, mama. Mimi bado."

"Unauza nini?"

"Siuzi kitu."

"Basi unahubiri."

"Hapana, mama. Mimi si mhubiri."

Kitasa kilitikisika, ubao ukalia, mlango haukusogea. "Huu haujafunguliwa tangu tumtoe baba. Umevimba. Kama huuzi wala huhubiri, umekuja kugonga mbele kwa nini?"

Uso ulimwaka. Watu wa pale hupita mlango wa nyuma, wote, tangu utotoni. Wa mbele ni wa majeneza na wauza mashine za kufulia. Shati la kanisani ndilo lililompoteza. Alizunguka nyumba, mbwa mzee akimnusa goti baya, akamkuta Bi Zelma mlango wa jikoni: mwanamke mwembamba wa miaka sabini na minne, sweta la kiume, nywele nyeupe zimefungwa kwa utepe wa robota la majani.

"Ng'ombe wanaendeleaje?" aliuliza Lowell.

Bi Zelma alimtazama kuanzia kola hadi viatu. "Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Mke wangu."

"Ana akili kuliko wewe. Ni bata mzinga, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Hapana."

Februari alirudi, safari hii na nguo za kazi. Alimkuta kwenye bwawa akivunja barafu kwa shoka ili ng'ombe wanywe. Lowell akashuka, akalichukua shoka bila kuomba, akapasua hadi maji meusi yalipofunguka upana wa meza. Walisimama wakiwatazama ng'ombe wakinywa, mvuke ukitoka puani mwao, jua la baridi likiwa limekaa juu ya mierezi kama sarafu ya zamani.

"Sanduku la tatu nililifungua mimi," alisema Bi Zelma ghafla. "Walipowaleta. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alisema acha Zelma afungue. Mtetea mmoja alinipiga bawa hapa." Aligusa nyusi, palipokuwa na kovu dogo jeupe. "Kwa hiyo usidhani naona hao ndege kama wadudu wa shambani."

"Sikudhani hivyo."

"Bado ni hapana."

Mkahawani Cleatus Dorsey, aliyepata kuendesha greda la wilaya na sasa aliendesha maneno tu, alimngoja kila Jumatatu.

"Haya, fundi. Umefikisha hapana ngapi?"

"Tatu, pamoja na ya jana."

"Usikate tamaa. Mimi nilioa kwa hapana nne."

"Na mkeo anasemaje sasa?"

"Anasema hiyo ya tano ndiyo aliyosahau kuisema."

Wiki ya mwisho ya Machi simu ililia karakanani. Lowell alizima moto, akavua kinyago. Sauti haikujitambulisha.

"Jumatatu ya kwanza ya msimu. Asubuhi hiyo moja. Jogoo mmoja. Saa nne uwe umeshatoka. Unasikia?"

"Nasikia, Bi Zelma."

"Na mageti uyaache ulivyoyakuta. Sema."

"Mageti niyaache nilivyoyakuta."

"Tena."

Alirudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Simu ilipokatika alikichukua kisanduku chake, akasugua mlio mmoja mrefu wenye furaha kiasi kwamba Cleatus alitoka mkahawani na kikombe, akasimama katikati ya barabara, akauliza kwa sauti kama kuna mtu ametaga.

Jumatatu ile Lowell aliingia kwa Prewitt saa kumi na moja kasoro, nyota zikiwa bado juu, tochi mfukoni kwa sababu aliona aibu kumulika kwenye ardhi aliyopewa kwa shida namna ile. Aliacha pikapu karibu na ghala. Alipita chini ya dirisha la Bi Zelma kwa ncha za viatu. Malisho ya chini yalikuwa na umande, na harufu ya udongo uliofunguka ilimpanda puani, harufu ile inayomfanya mtu wa miaka sitini na mmoja ajione ana deni la shukrani kwa mtu asiyemjua. Akafika geti la kupandia malisho ya juu. Lilikuwa wazi.

Alisimama. Ng'ombe hawakuonekana. Alilipapasa geti, lilikuwa limeegemea seng'enge, limezama majanini. Nani aliyeliacha wazi? Akili yake ilimletea jambo moja tu, fahali barabarani na taa za lori la maziwa. Alifikiri mwizi wa mawindo ametangulia. Alifikiri mama mzee amesahau. Hata kama hajasahau, alijiambia, afadhali lifungwe, maana hakuna mtu duniani aliyewahi kugombezwa kwa kufunga geti. Aliliinua kwa bega, kwa kuwa lilikuwa linaburuta, akalisukuma hadi kwenye nguzo, akazungusha mnyororo mara mbili, na kwa uangalifu wa ziada akaufunga fundo. Kisha akapanda kilima akiwa na dhamiri nyeupe kama shuka.

Alipata mwaloni mnene, akakaa, akaegemeza mgongo, bunduki ya marisau juu ya goti zima. Kukapambazuka polepole. Kwanza ndege wadogo, kisha bundi mmoja aliyechelewa, kisha, kutoka juu ya mti usiozidi hatua mia mbili, sauti ya jogoo ikapasuka. Lowell alifumba macho. Kila mwaka sauti ile ilimgonga mahali palepale, chini ya mbavu, na kila mwaka bega lake lilihisi mkono ukilikaza.

Aliita mara moja, kwa upole, kama mtetea asiye na haraka. Jogoo alijibu kabla mlio haujaisha. Lowell akanyamaza, maana anayeita sana huonekana ana njaa. Alingoja. Mabawa yalipiga hewa, mwili mzito ukatua ardhini. Sasa jogoo alikuwa anakuja, akisimama, akilia, akija tena. Alitokea kati ya miti iliyojaa maua ya rangi ya waridi, mkia umefunguka, kichwa chekundu na buluu na cheupe, kifua kikimetameta kama shaba iliyopakwa mafuta. Hatua themanini. Sabini. Akajizungusha, apate kutazamwa pande zote. Sitini. Marisau ya Lowell yalihitaji arobaini.

Hapo ng'ombe alilia.

Mmoja tu, chini, upande wa geti. Kisha wa pili. Kisha sauti zikapanda kwa pamoja, nzito, zenye lawama, kama mkutano uliokatiwa maji. Na neno hilo, maji, ndilo lililomfungua Lowell akili. Bwawa la juu lilipasuka ukingo wakati wa baridi. Alishaliona likiwa tope tupu, siku ile ya kuvunja barafu kwenye bwawa la chini. Ng'ombe walikuwa wamelala juu. Walikunywa chini. Geti halikusahauliwa na mtu. Lilikuwa wazi kwa sababu ndivyo lilivyotakiwa kuwa.

Alimtazama jogoo. Jogoo alipiga hatua tatu. Dakika tano, Lowell alijiambia. Ng'ombe hafi kiu kwa dakika tano. Na tusimsafishe kupita kiasi: dakika ya kwanza aliikaa, kidole kikiwa kando ya kifyatulio, jasho likimtoka chini ya barakoa yake ya kujifichia. Ya pili pia aliianza. Kisha akasikia seng'enge ikilia kwa kuvutwa, ng'ombe arobaini wakiegemea waya, na akasimama wima kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka. Jogoo aligeuka kuwa mngurumo wa mabawa, kisha kuwa hakuna.

Kushuka kilima na goti lile kulimchukua muda kuliko alivyopenda. Alipofika, ng'ombe walikuwa wameubana mlango kwa vifua vyao, na geti lile hufunguka kwa kuelekea kwao. Aliwasukuma. Wakamsukuma. Alipanda juu ya vyuma kulifikia fundo lake mwenyewe, fundo zuri, la fundi, likamgomea vidole. Ng'ombe mmoja mwenye uso mweupe akachukua kofia yake, akaitafuna kwa makini.

"Lowell Skaggs!"

Bi Zelma alikuwa anakuja upande wa pili, gauni la kulalia ndani ya viatu vya mpira, ndoo ya chakula mkononi. Alipita kando ya ua hadi kwenye uwazi mdogo, akainua ndoo, akaimba wito wake mrefu, na ng'ombe wote wakageuka wakamfuata, kama shule nzima iliyosikia kengele. Lowell akafungua fundo kwa meno. Geti likafunguka, ng'ombe wakanusa maji, wakarudi mbio, wakamwangusha, wakapita. Alipoinuka kwenye tope lililokuwa njia yao, hakukuwa na kipande cha nguo yake kilichobaki na rangi ya mabaka.

"Nilikwambia nini?" alisema Bi Zelma.

"Niyaache nilivyoyakuta."

"Ulilikutaje?"

"Wazi."

"Ukaliachaje?"

"Nimelifunga."

"Kwa nini?"

"Nilifikiri..."

"Mimi nilikuomba ufikiri? Nilikuomba mambo manne, na hilo halikuwemo." Alitazama waya uliolegea, nguzo mbili zilizoinama. "Asubuhi yako imekwisha."

"Ndiyo, mama."

"Na yule jogoo?"

"Alikuwa hatua hamsini na kitu nilipoondoka."

Bi Zelma akageuka, akaenda na ndoo yake. Habari ilifika mkahawani kabla Lowell hajakauka.

"Nimeishi hapa miaka sabini," alisema Cleatus, akijipangusa machozi. "Wote wanafukuzwa kwa kuacha geti wazi. Wewe peke yako, fundi, ndiye wa kwanza Ozark nzima kufukuzwa kwa kulifunga!"

Lowell alicheka pamoja nao, kwa kuwa ilichekesha. Lakini nyumbani alikaa karibu wiki tatu zilizobaki akipaka rangi jikoni, na kila alfajiri Oleta alimkuta amesimama uani na kikombe, akisikiliza upande ambako hakukuwa na kitu cha kusikia.

Siku moja baada ya msimu kufungwa, alipakia mashine yake ya kuchomelea, akaenda kwa Prewitt, akapita nyuma. Bi Zelma alikuwa anapanda miche ya nyanya. Hakuinua kichwa.

"Msimu umeisha jana."

"Najua."

"Basi umefuata nini?"

"Bawaba," alisema Lowell. "Ya geti lako. Inaning'inia kwa uzi, lote linaburuta. Nililinyanyua kwa bega asubuhi ile na tangu hapo sipati usingizi vizuri. Sikuombi kitu, Bi Zelma. Nikilimaliza naondoka. Na nguzo mbili nilizokuharibia, nimekuja nazo."

Sasa aliinua kichwa. Alimtazama kwa muda mrefu, mkono umejaa udongo. "Mwaka wa nane huu nalinyanyua kwa bega," alisema. "Nilidhani ni mimi ninayezeeka."

Alitengeneza bawaba, akasimika nguzo. Bi Zelma akamletea mkate wa mahindi na maziwa mtindi, wakala wamekaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu, miguu ikining'inia, wakizungumza juu ya Hobart, ambaye kumbe aliwahi kumwomba Zelma dansi, akakanyaga viatu vyake vyote viwili. Juni Lowell alirudi kusaidia kuvuna majani ya ng'ombe, kwa sababu mkono wa trekta ulikuwa umepasuka na yeye ndiye aliyeuunga, na mtu akishaunga kitu hutaka kukiona kikifanya kazi. Oktoba alirudi kwa sababu ya ndama. Desemba, Bi Zelma alipokwenda kumwona dada yake Tulsa, Lowell na Oleta walilala kwenye nyumba ndogo ya chini, karibu na barabara, wakalisha ng'ombe siku tisa. Neno bata mzinga halikutajwa. Oleta alimkanyaga mguu chini ya meza mara kadhaa, akitaka alitaje; Lowell alisogeza mguu.

Aprili ikaja. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya kwanza ungekuwa usiku wa huzuni, kama simu isingelia saa ya chakula cha jioni.

"Hukuniuliza mwaka huu," alisema Bi Zelma.

"Niliona haya, mama. Baada ya yale."

"Mwaka jana uliniuliza hadi masikio yakaniuma, mwaka huu umekuwa bubu. Sikiliza. Wananipigia kelele hapo juu tangu saa kumi na moja. Njoo uniondolee mmoja. Na mwambie Oleta alete ule unga wake wa kukaangia, wangu una wadudu."

Kesho yake alimpata jogoo saa moja na robo asubuhi, kwa hatua thelathini na nne. Alikaa naye kando yake chini ya mwaloni muda wa kutosha, mkono juu ya manyoya yaliyokuwa bado na joto, akihisi furaha na kile kingine ambacho daima huja nayo na ambacho hakuwahi kumpa jina. Kisha akambeba begani kushuka. Walimla mchana huo, watatu, kifua kilichokatwa vipande na kukaangwa, mchuzi mweupe, na uyoga wa porini ambao Bi Zelma aliuokota mwenyewe asubuhi ile mahali ambapo hajawahi kumwonyesha mtu na hana mpango wa kumwonyesha.

Alipomaliza alipangusa midomo. "Mpwa wangu anataka niuze. Ameshaleta mtu. Mtu mwenye viatu vyeupe. Aliniuliza kilima kina mtandao wa simu." Alisukuma sahani. "Mimi nataka nife kwenye kitanda changu, ng'ombe wakiwa uani. Peke yangu siwezi tena, na hilo nisingemwambia mtu kama mchuzi usingekuwa mzuri hivi. Nyumba ya chini iko tupu. Nataka mtu wa kulishika shamba pamoja nami, na baada yangu. Tutaandika karatasi kwa wakili."

Lowell alikuna kichwa. Alisema ana karakana. Alisema goti. Alisema ng'ombe arobaini si mchezo, na yeye ni mtu wa vyuma, na lingehitajika kufikiriwa.

"Wewe," alisema Oleta, akiweka uma chini, "miaka miwili umelia kwa sababu huna mti wa kuegemea. Mama wa watu anakupa kilima kizima na miti yake yote, na wewe unakuna kichwa? Bi Zelma, anakubali. Mimi ndiye ninayejua saini yake."

"Nilishakwambia," Bi Zelma alimwambia Lowell. "Ana akili kuliko wewe."

Ndivyo karakana ilivyofungwa, na ndivyo Lowell alivyopata kujua ni kwa nini wenye mashamba wengi hawawindi. Aprili ni mwezi wa ndama. Aprili ni mwezi wa ua, wa mbolea, wa trekta lisilowaka. Msimu wa mwaka huu alikwenda mwalonini asubuhi moja tu kati ya ishirini na moja, akaita mara mbili, akasinzia. Asubuhi nyingine zote aliwasikia akiwa na mkono ndani ya ng'ombe hadi kiwiko au juu ya trekta na mdomo umejaa misumari, na mara moja jogoo mzima alipita mbele ya magurudumu, mkia wazi, bila haraka, akimtazama kama mwenye nyumba anavyomtazama kibarua. Wanaume wenye magwanda ya mabaka bado huja wiki ya mwisho. Sasa humkuta yeye, naye huwauliza kama wamewahi kuvunja barafu.

Lowell Skaggs anaishi kwenye shamba la Prewitt, nyumba ya chini, yeye na Oleta. Bi Zelma yuko nyumba ya juu. Ng'ombe ni arobaini na saba.